Msilitupe Yai Viza Kabla ya Kulifungua

Mwenyekiti wetu, wazee wangu shikamooni, mama zangu, na wafugaji wenzangu nyote, asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie kuku wachache wa nyuma ya nyumba: namna ya kuwapandisha na namna ya kupata vifaranga. Wengi wakizungumzia jambo hili huanza na jogoo, au na mashine. Mimi naomba nianze na ndoo ya taka, maana humo ndimo nilimokuwa nikitupa somo langu.

Mara ya kwanza kutumia mashine ya kutotolesha niliweka mayai 40. Usiku wa siku ya 21 sikulala. Kufika siku ya 23 walikuwa wametoka vifaranga 11. Yale mayai 29 yaliyobaki niliyatia kwenye ndoo, nikayafukia, na jioni hiyohiyo nikaanza kuulizia mashine nyingine. Nililaumu mashine, nikalaumu umeme, nikamlaumu na aliyeniuzia. Nikarudia tena na mayai 40, wakatoka 14. Nikiwa nakwenda kufukia, nikakutana na bibi mmoja jirani yangu, mtu aliyeishi na kuku tangu utoto wake. Akaitazama ndoo, akaniuliza, "Mwanangu, umeyatazama ndani?"

Nikamjibu, "Ni viza tu hayo, bibi."

Akasema, "Viza la namna gani?"

Sikuwa na jibu. Sikujua kwamba yana namna. Akaniagiza beseni, tukakaa uani, tukayafungua yote 26, moja baada ya jingine, kuanzia upande wa butu. Harufu sitaificha, ilikuwa kali, na mawili yalitupasukia. Lakini tulipomaliza tulikuwa na mafungu manne sakafuni. Fungu la kwanza, mayai 12, halikuwa na kitu chochote ila ute na kiini cha njano. La pili, mayai matano, lilikuwa na duara jembamba la damu. La tatu, mayai saba, lilikuwa na vifaranga kamili, wenye manyoya na kucha, wamekufa bila kugusa ganda. Na la nne lilikuwa na vifaranga wawili waliokwishatoboa ganda wakafia mlangoni.

Hayo mafungu manne ndiyo hotuba yangu ya leo. Kila fungu lina chanzo chake, na vyanzo vingi viko mbali na mashine niliyotaka kuiuza.

Tuanze na yale 12. Yai la namna hiyo ukilimulika kwa tochi siku ya saba linang'aa tupu, na ukilivunja linafanana na yai lililotagwa wiki ile. Mara nyingi maana yake ni moja: halikuwa na mbegu. Nilikuwa na jogoo mmoja na matetea 22. Jogoo mmoja anamudu matetea wanane hadi kumi, na akiwa wa aina nzito, mpunguzie. Tena jogoo ana wapenzi wake. Nilipoanza kumtazama kwa makini asubuhi na jioni niliona kuna matetea watatu aliowapanda mpaka manyoya ya migongoni yakawatoka, na wengine aliwapita kama hawaoni. Mayai ya hao wengine ndiyo yaliyojaza ndoo yangu.

Lipo jambo jepesi ambalo kila mmoja wenu anaweza kulifanya kesho bila kununua chochote. Ukivunja yai jikoni, kabla hujalikoroga, kitazame kiini. Juu yake kuna doa jeupe. Kama yai halina mbegu, doa ni dogo, limekolea, halina umbo la kueleweka. Kama lina mbegu, doa ni pana kidogo, kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti, na ni duara lenye ukingo, kama pete. Vunja mayai kumi ya wiki moja, hesabu pete. Ukipata tisa, jogoo wako yuko kazini. Ukipata nne, usiweke hata yai moja kwenye mashine mpaka ujue kuna nini: pengine amezeeka, pengine ana kidonda mguuni hawezi kupanda, pengine ana chawa na utitiri hawampi raha, pengine manyoya ya sehemu za nyuma yamejaa mno na yanahitaji kupunguzwa kwa mkasi, ya kwake na ya matetea.

Hapa niwaonye juu ya kosa linalowapata hata wafugaji wa siku nyingi. Tetea ana vijitundu vidogo kwenye njia yake ya yai vinavyohifadhi mbegu za jogoo zikiwa hai kwa muda wa wiki mbili, wakati mwingine zaidi. Ndiyo maana akipandwa mara moja anaweza kutaga mayai mengi yenye mbegu. Sasa mtu anamleta jogoo mzuri leo, wiki inayofuata anakusanya mayai, vifaranga wanakua na sura ya jogoo wa zamani, naye anadhani ametapeliwa. Mwondoe jogoo wa zamani, subiri wiki tatu, ndipo uanze kukusanya.

Fungu la pili, duara la damu. Hili linasikitisha zaidi, kwa sababu humo palikuwa na uhai. Yai huundwa tumboni mwa tetea kwa saa 25 hivi, na mbegu hukutana na kiini mwanzoni kabisa, kabla ute na ganda havijawekwa. Kwa hiyo yai lenye mbegu linapodondoka kiotani, kiinitete chake, yaani kifaranga anayeanza kuumbika, kina umri wa siku nzima, tayari kina maelfu ya seli. Likipoa linasimama, linasinzia. Tetea analijua hilo kwa maumbile yake. Anataga moja leo, moja kesho, anayaacha yapoe, na anaanza kuatamia yakishatimia, ndipo yote yaamke siku moja na kutotolewa pamoja. Ukilitunza yai vizuri, kusinzia huko hakulidhuru. Ukilitunza vibaya, linaamka kidogo, linalala, linaamka tena, na nguvu inakwisha kabla safari haijaanza.

Mimi nilikuwa nayaweka kwenye rafu jikoni, juu ya jiko, hadi siku ya 12, eti yatimie 40. Mchana rafu ile ilikuwa na joto, usiku baridi. Yai la kutotolesha linataka mahali penye nyuzi joto 15 hadi 18, penye unyevunyevu, pasipo jua, upande uliochongoka ukitazama chini. Siku saba ndiyo mwisho wa raha yake. Baada ya hapo kila siku unayoongeza inakupunguzia vifaranga. Usiyaoshe, maana ganda limepakwa utando mwembamba unaozuia vijidudu visipenye kwenye vitundu vyake. Yai lililochafuka sana liliwe, lisiwekwe kwenye mashine. Na yai lililosafiri kwenye gari lipumzishwe usiku mzima kabla ya kutiwa joto. Mayai 20 mabichi yana thamani kuliko 40 yaliyochoka.

Wanaohisi kwamba kufungua mayai ni kazi ya kinyaa niwakumbushe kwamba ni kazi ya zamani sana. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika habari za mayai yanayofunguliwa siku baada ya siku ya kuatamiwa, na akasema kwamba baada ya siku tatu moyo unaonekana kama tone la damu ndani ya ute, unadunda, unasogea kana kwamba una uhai wake wenyewe. Sisi tuna tochi, tunaona bila kuvunja. Ingia chumba cha giza siku ya saba, bana mwanga wa tochi kwa vidole, uuweke kwenye upande wa butu. Utaona chumba cha hewa juu, na chini yake mishipa myekundu imetawanyika kama miguu ya buibui, na katikati yake doa jeusi. Tulia sekunde chache. Doa litacheza. Nimemulika mayai mengi mno, na bado lile doa linapocheza mkono wangu unasita kulirudisha. Ukiona pete ya damu badala ya buibui, mishipa imejitenga pembeni na katikati hamna kitu, huyo amekufa. Mtoe mapema asije akaoza na kupasukia wenzake.

Fungu la tatu ndilo lililonisomesha kwa muda mrefu zaidi. Vifaranga saba kamili, wamefika siku ya 19 au 20, wamekufa. Tulipowatoa walikuwa wamelowa, maji yakawatiririka, na chumba cha hewa kilikuwa kidogo kama ukucha. Bibi akasema, "Hawa wamezama." Nami nilikuwa naongeza maji kwenye mashine kila siku nikidhani nawafanyia wema.

Yai hupumua kwa ganda, na katika kupumua hupoteza maji. Kuanzia siku ya kwanza hadi ya 18 linatakiwa lipungue uzito kiasi cha asilimia 11 hadi 14. Yai lililoingia na gramu 60 litoke siku ya 18 na gramu 52 au 53. Ile nafasi inayoachwa na maji yaliyopotea ndiyo chumba cha hewa, na hicho ndicho kifaranga atakachotoboa kwanza ili avute pumzi yake ya mwanzo. Chumba kikiwa kidogo, hana pa kuvutia. Unyevu ukipungua mno, ngozi ya ndani inakauka na kumnata kama gundi, anashindwa kujigeuza. Kwa mashine nyingi unyevu wa asilimia 45 hadi 55 unatosha kwa siku 18 za kwanza. Lakini mimi siku hizi naamini mizani kuliko namba ya kwenye kioo. Nayapima mayai matano yaleyale kila wiki, naandika. Mizani ya jikoni imeniokolea vifaranga wengi kuliko kifaa kingine chochote nilicho nacho.

Joto halina mjadala mrefu: nyuzi 37.5 kwa mashine yenye feni. Isiyo na feni, nyuzi 38.5 hivi, zipimwe usawa wa juu ya mayai. Tumia vipimajoto viwili, maana kimoja kikidanganya hutajua. Misri ya kale walitotolesha maelfu ya mayai kwa matanuri ya udongo bila kipimajoto, na mafundi wao walilipima yai kwa kuligusisha kwenye kope la jicho. Sisi tusio na ustadi huo tuwe na vipimajoto viwili.

Kuhusu kugeuza: kiinitete hupenda kupanda juu, na yai likikaa upande mmoja kitanata kwenye ngozi ya ganda. Kuku anayeatamia huyageuza mchana na usiku, mara nyingi sana. Ukigeuza kwa mkono, fanya mara tatu au tano kwa siku, idadi isiyogawanyika kwa mbili, ili upande uliolala chini usiku wa jana usilale chini tena usiku wa leo. Weka alama kwa penseli, upande huu na ule. Wiki ya kwanza ndiyo muhimu kuliko zote, na ndiyo watu wanayozembea kwa sababu wanaona ndani bado hamna kitu.

Lakini, ndugu zangu, kuna vifaranga wanaokufa ndani ya ganda ambao hakuna mizani wala kipimajoto kingewaokoa. Walihukumiwa siku ulipochagua wazazi. Wapo kuku wafupi sana wa miguu, wanaotembea kama wanaburuta tumbo. Wanapendeza, na mtu huwaza: nitampandisha jogoo mfupi na tetea mfupi nipate wafupi watupu. Jeni hiyo ya ufupi, yaani chembe ya urithi, kiinitete kikirithi nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, kinakufa. Kwa hiyo robo ya mayai yenye mbegu yatakufa ndani, kila mara, hata mashine iwe ya namna gani. Mpandishe mfupi na wa kawaida. Utapata nusu wafupi na nusu wa kawaida, na hakuna atakayekufa kwa sababu hiyo. Wale kidimu, wenye manyoya yaliyopinda kurudi nyuma, nao ukiwapandisha wenyewe kwa wenyewe robo ya watoto watakuwa na manyoya dhaifu yanayokatika, wakabaki uchi kwenye baridi.

Na kubwa kuliko hilo ni ndugu kwa ndugu. Banda la nyuma ya nyumba ni dogo. Unambakiza kijogoo mzuri wa mwaka huu, anawapanda dada zake. Mwaka kesho anawapanda binti zake. Kifaranga wa kaka na dada, katika kila jeni yake, ana uwezekano wa asilimia 25 kwamba nakala zote mbili zimetoka kwenye nakala ileile moja ya babu au bibi mmoja. Madhara yaliyojificha yanakutana. Hutayaona kwa macho kwenye kuku mkubwa, maana yule dhaifu hakuwahi kutoka kwenye ganda. Utayaona kwenye ndoo: mwaka huu wanatoka 8 kwa 10, mwaka wa pili 7, mwaka wa tatu 5, nawe unabadilisha mashine.

Nifanyavyo ni hivi. Nina koo tatu, na kila tetea ana pete ya rangi mguuni: nyekundu, njano, bluu. Binti anabaki kwenye rangi ya mama yake. Jogoo aliyezaliwa nyekundu anakwenda kuwapanda njano, wa njano anakwenda bluu, wa bluu anarudi nyekundu, kila mwaka mzunguko uleule. Kwa namna hiyo kaka hawapandi dada zake, na kundi dogo linaweza kwenda miaka mingi kabla ya kuhitaji damu ya nje. Anayetaka banda lenye nafasi moja tu, basi abadilishane jogoo na mfugaji mwenzake aliye mbali.

Kwenye kuchagua, naomba tuache kuchagua kwa upana wa kifua na rangi ya manyoya peke yake. Andika kwenye kila yai alama ya tetea aliyelitaga. Baada ya misimu miwili utajua ni nani mayai yake yanatotolewa na watoto wake wanaishi. Nilikuwa na tetea wa rangi ya majivu, mdogo, hana umbo la kumwonyesha mgeni. Katika mayai 31 niliyoyaandika jina lake, vifaranga 28 walitoka. Leo karibu nusu ya kuku wangu ni ukoo wake. Na tetea aliyewahi kuugua mharo mweupe, au aliyetoka kwenye kundi lenye ugonjwa huo, mayai yake yasitotoleshwe kabisa, hata akiwa mzuri kama malaika: vijidudu hivyo hupita ndani ya yai kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto.

Fungu la nne ni lile la vifaranga wawili waliofia mlangoni, na hao niliwaua mimi. Niseme wazi. Siku ya 18 mtu anaacha kugeuza, anapandisha unyevu ufike asilimia 65 hadi 70, na anafunga mfuniko. Mimi niliufungua kila baada ya nusu saa ili nitazame. Kila ukifungua, mvuke unatoka wote kwa pumzi moja, na ngozi iliyokwishatobolewa inakauka juu ya mdomo wa kifaranga. Mmoja alikaukiwa hivyo. Wa pili nilimwona ametoboa, saa tano zimepita hajatoka, nikammenyea ganda. Damu ikatoka. Akafa mkononi mwangu.

Nilichokuwa sijui ni kwamba kutoka tundu la kwanza hadi kifaranga kutoka nje huweza kupita saa 12, hata 24. Anaonekana amelala, kumbe ndani kuna kazi: mapafu yanaanza, damu iliyokuwa kwenye mishipa ya ganda inarudi mwilini, na kiini cha njano kilichobaki kinavutwa kuingia tumboni. Kiini hicho ndicho chakula chake kwa siku mbili au tatu za kwanza, ndiyo maana hamna haraka ya kumtoa kwenye mashine. Mwache akauke, awe na manyoya mepesi. Nikisikia leo kilio kile chembamba ndani ya ganda, naondoka chumbani. Nafanya kazi nyingine.

Kabla sijamaliza, neno moja juu ya yule anayefanya haya yote bila kufundishwa. Wahenga walisema kuku havunji yai lake, na ukimtazama anavyorudi kiotani, anavyoweka mguu mmoja, anasita, anaweka wa pili, kisha anashuka polepole akiyatikisa manyoya, utaona msemo huo ulitoka kwa mtu aliyetazama. Anajinyonyoa manyoya ya kifuani ili ngozi yake iguse ganda. Hutoka mara moja kwa siku, dakika 20 au 30, akala, akanywa, akarudi. Yuko tayari kupungua mwili. Hapo kazi yetu ni ndogo: mayai 10 au 12 tu kwa mwili wake, kiota chini mahali pa kimya, dawa ya utitiri kabla hajakaa, chakula na maji karibu, na matetea wengine wasiingie kumtagia mayai mapya juu ya yale yenye siku kumi. Akishatotoa, unaweza kumwongezea vifaranga wa mashine usiku, ukiwasukuma chini ya bawa gizani. Asubuhi atawahesabu wote kuwa wake. Anayeatamia vizuri mtunzie mabinti zake, maana tabia hiyo hurithiwa, na ni rahisi kuipoteza kwa kuchagua wataga mayai mengi peke yao.

Msimu huu nimeweka mayai 30, wametoka vifaranga 24. Yale sita nimekuja nayo; ni haya hapa kwenye trei, na kila moja lina tarehe na alama ya mama yake. Beseni hili hapa, maji yapo, na dirisha limefunguliwa. Sijayafungua, nimewangojea ninyi. Mama wa kitenge cha njano, naona umeshasimama, karibu mbele. Shika hili. Anzia upande wa butu, taratibu, kisha utwambie unaona nini.